Nzuri, Ila Haijapangiwa Kazi

Katika Division moja ya serikali hapa Kisangani, ambayo sitaitaja jina kwa sababu kuta zake zina masikio mengi kuliko madirisha, yuko mwanamke ambaye kwa miaka kumi na moja amekuwa akifika kazini kabla ya mlinzi. Anaitwa Madina Rashidi. Anafungua chumba cha kompyuta, anafuta vumbi, anawasha mashine, anamsubiri mlinzi aamke. Printa ikigoma, anaitwa Madina. Barua ya mkubwa ikimezwa na virusi, Madina. Siku simu ya mke wa mkubwa ilipozama kwenye beseni la samaki, Madina tena. Lakini ukiwauliza wale wa Kinshasa wanaotunza majina ya watumishi wa serikali, watakuapia kwamba mtu huyo hajazaliwa.

Kwa lugha ya ofisi, Madina ni NU. Herufi hizo maana yake Nouvelle Unité, mtumishi mpya, hata kama upya wenyewe umeshaota mvi. NU anapewa dawati, anakaripiwa, anatozwa mchango wa harusi na wa matanga. Alichokosa ni kitu kimoja tu, hajawa mécanisé. Jina lake halijaingia katika mashine ya serikali, ile inayogawa namba na mshahara, na asiye na namba haonekani. Kila mwaka dossier ya Madina, faili lake, hupanda ndege kwenda Kinshasa, na kila mwaka jibu hurudi lile lile: dossier iko muzuri, ngoja tu. Mtu mwingine angekasirika. Madina, mwenye licence ya informatique, yaani shahada ya kompyuta, na kichwa kilichovimba kidogo kwa ajili yake, alilishika lile neno "muzuri" akalifanya pambo. Wenzake wakilalamika kwenye korido, yeye huwaambia, "Yangu iko bien. Banaifwata."

Nyumbani kwao Kabondo, mama yake, Mama Aïcha, hukaanga mikate mlangoni kila jioni, na kila jioni, kabla hata ya kuitikia salamu, humuuliza binti yake swali moja: "Bamekuona?"

"Bado, mama. Lakini dossier iko muzuri."

Mama Aïcha hugeuza mikate upande wa pili. Binti akishasema hivyo, mama hujua kwamba ni subira tena, na subira yavuta heri, ingawa hii ya Madina ilikuwa inavuta gari zima na halisogei.

Mkubwa wa Division ni Chef Hubert, mtu mnene, mpole, anayependa utepe. Amekata utepe wa choo, wa pikipiki ya ofisi, na wa ngazi ya mbao. Ana kipaji kimoja kikubwa: chini yake watumishi hawafi. Mwaka jana alifariki Mama Germaine Bolumbu, mama wa archives, chumba cha nyaraka, mtu wa Isangi, aliyekuwa mécanisée tangu zamani. Nje ya ofisi alizikwa kama watu wote. Ndani ya ofisi hakufa. Chef Hubert aliwaita watumishi akawaambia kwa sauti ya upole: "Mama Germaine iko en mission, safari ya kazi. Donc, sitaki kusikia kilio humu ndani." Kumlilia kungekuwa kukiri kwamba amekufa, na akishakufa jina lake lingetolewa kwenye mashine ya Kinshasa, pamoja na kile ambacho jina hilo liliendelea kupokea. Aliyekipokea kwa niaba yake Mungu anamjua, na Chef Hubert anamjua zaidi. Funika kombe mwanaharamu apite.

Kwa Madina jambo hilo lilikuwa mwiba wa kooni. Mama Germaine ndiye aliyempokea siku ya kwanza, akamwonyesha kiti kisichoanguka, na tangu hapo mchana walikula pamoja sahani moja, lituma, ndizi za kupondwa, na samaki, mmoja Mkristo wa mtoni, mwingine Mwislamu wa mjini, wakiwasema wakubwa kwa sauti ya chini. Siku ya maziko Madina alidanganya kwamba ana malaria ili aende makaburini. Kesho yake alirudi kazini akapita mbele ya mlango wa archives akiwa ameukaza uso kama mtu aliyesahau kitu.

Basi mwaka huu likaja jambo la diski.

Mashine kubwa ya ofisi, serveur, ilikuwapo tayari, imelazwa katika chumba kilichokuwa na kiyoyozi mpaka Chef Hubert alipogundua kwamba yeye pia hupata joto. Ilikuwa na diski moja ya zamani ya kuhifadhia kazi za Division, nayo ilikuwa imejaa hadi shingoni. Wafadhili wakaleta diski sita mpya. Chef Hubert alifunga utepe kwenye serveur, akaukata, akavaa glavu za hospitali, akazipachika diski moja moja katika vyumba vyake huku akipigwa picha. Kila diski ikawasha taa ya kijani. Watu wakapiga makofi. Madina akakaa mbele ya kioo cha kompyuta, akaiuliza mashine iseme inaona diski ngapi.

Mashine ikasema inaona ile ya zamani tu.

Hapa inabidi nieleze kidogo, na nitajitahidi nisichoshe. Serveur ile inatumia Linux, mfumo usiolipiwa na usiolalamika, yaani NU wa mifumo. Ila Linux haizungumzi na diski uso kwa uso. Katikati yao ipo kadi inayoitwa kontrola ya RAID. Diski zote zinapita kwake kwanza, naye ndiye anayezifunga makundi, anayeamua ipi itambulishwe kwa mkubwa na ipi ibaki barazani. Mtu yeyote aliyewahi kutafuta saini katika ofisi ya Kongo amekwisha kuelewa: kadi ile ni secrétaire.

"Madina," akasema Chef Hubert, bado amevaa glavu, "disque ziko sita. Na macho yangu naziona. Juu ya nini machine haizione?"

"Chef, iko likambo kidogo tu. Nitaipanga."

"Kidogo ao mingi, mission ya Kinshasa inafika wiki inayokuya. Banakuya kuona serveur, na kufanya appel ya ma-agents bote. Sikia muzuri." Akamsogelea. "Siku ile machine ikiona disque zote, mi mwenyewe nakushika mukono, nakupeleka mbele ya chef de mission, nasema: huyu njo Madina, mumuweke mu mashine. Naahidi, parole d'honneur."

Miaka kumi na moja dossier ilikuwa inakwenda Kinshasa. Sasa Kinshasa ilikuwa inakuja kwa miguu yake. Ilibaki tu kuifanya mashine ione.

Alianza kwa kishindo. Alizichomoa diski, akazirudisha. Alibadilisha nyaya. Alizima mashine na kuiwasha, akaizima na kuiwasha, dawa ile ambayo duniani kote huponya nusu ya magonjwa. Alisoma kumbukumbu za Linux mstari kwa mstari. Kadi yenyewe ilionekana, hai na nzima. Diski zake hazikuonekana. Kisha wenzake wakaanza kumsaidia, na hapo kazi ikawa ngumu kweli. Émile, secrétaire wa Chef, ambaye jioni ni mchungaji wa kanisa dogo, aliiwekea serveur mikono, akaiamuru roho ya upofu itoke. Umeme ukacheza, taa zikapepesa, Émile akatangaza kwamba imetoka lakini imejificha nyuma ya kabati. Mhasibu alishauri watie Windows. Chef Hubert alishauri wapige mashine kofi upande wa kushoto, kama redio ya babake.

Madina naye hakuwa bora kuliko wao, ila ujinga wake ulikuwa na diploma. Siku ya pili tu alikuwa ameiuliza kadi yenyewe, kwa chombo chake maalum, iorodheshe diski ilizonazo. Kadi ikazitaja zote sita, na mbele ya kila moja ikaandika kwa Kiingereza maneno mawili: Unconfigured Good. Madina aliona lile la pili. Good! Ziko nzuri! Macho yake yaliruka la kwanza yakatua kwenye lile alilolizoea, akaridhika nalo kama anavyoridhika na jibu la Kinshasa. Kutoka hapo akajenga hoja: ikiwa kadi inasema diski ni nzuri na Linux haizioni, basi kadi inadanganywa, diski ni za bandia. Kwenye mkutano wa ofisi alisimama akawaambia watu wote, kwa Kifaransa cha kutosha kutisha, kwamba wafadhili wamewauzia mbuzi ndani ya gunia. Chef Hubert alishaanza kuandaa utepe wa kuzirudisha.

Jioni ile alifika nyumbani amenuna. Mama yake alikuwa mlangoni na karai lake la mafuta.

"Bamekuona?"

"Mama, niache. Hata disque hazionekane, sembuse mi." Akavua viatu, akakaa kwenye kibao, akamwaga yote ya moyoni: utepe, glavu, roho nyuma ya kabati. "Na kadi inasema ziko muzuri! Nimeisoma na macho yangu. Inasema ziko muzuri, lakini machine haizione."

"Inasema ziko muzuri."

"Ndiyo, mama."

"Sawa vile weye."

Madina akageuka kumtazama.

"Weye pia banasemaka uko muzuri," akaendelea Mama Aïcha, akidondosha unga katika mafuta bila kumtazama. "Kila mwaka muzuri, muzuri. Na kazi, bamekupangia? Jina, bameandika? Muzuri, mwanangu, ni neno ya kufukuza mutu pasipo kumutukana."

Nadhani hakuna mwalimu aliyewahi kumwambia Madina jambo lililomuuma kama hilo, na hakuna lililomfaa zaidi. Machozi yalimlenga, na katikati ya uchungu ule neno la kwanza, lile aliloliruka wiki nzima, likamrudia. Unconfigured. Haijapangiwa. Kadi ilikuwa haijamficha kitu. Ilikuwa inamwambia kweli tupu kila alipoiuliza. Diski ni nzuri, ila haijapangiwa kazi. Haimo kwenye kundi lolote, haina mahali, kwa hiyo kadi haina sababu ya kumtajia mkubwa habari zake. Ni NU! Diski sita za NU, zimekaa kwenye viti vyao na taa za kijani, zinangoja! Madina aliangua kicheko kilichowashtua wateja wa mikate, na mama yake, akidhani binti amerukwa na akili, akaunguza karai zima.

Asubuhi alipanda toleka, baiskeli ya abiria, akamhimiza mwendeshaji mpaka masikini akahema. Hakupoteza muda na nyaya. Aliiambia kadi izifunge diski tano pamoja ziwe kundi moja, na ya sita ibaki akiba. Akaiuliza Linux inaona nini. Linux, kwa utulivu wake wa kawaida, ikasema: naona ile ya zamani, na naona kubwa mpya.

Madina alifungua mlango wa korido akapiga kelele kwa nguvu zake zote: "Zimekuwa mécanisées! Zote! Zimekuwa mécanisées!"

Hilo halikuwa neno la kupiga kelele katika korido ile. Milango yote ilifunguka. NU wa mapokezi, NU wa usafi, NU wa stoo walitoka mbio. Mmoja alipiga magoti, mwingine akaanza wimbo wa sifa na wenzake wakampokea. Émile alikuwa amekwisha kuinua mikono kabla hajajua anashukuru nini. Ilimchukua Madina muda kuwaeleza, juu ya sauti za wimbo, kwamba ni diski.

"Disque?" akauliza mama mmoja wa usafi, aliyekaa NU kuliko hata Madina. "Zile za juzijuzi?" Alitazama ufagio wake. "Zilifika juzijuzi, na leo ziko mécanisées. Bon." Akarudi kufagia, na nguvu aliyoitia kwenye ufagio ule ilitimua vumbi hadi mlango wa Chef.

Chef Hubert alikuja kuona muujiza. Madina, kichwa kimeanza kuvimba upya, alimweleza kila kitu: kundi, kadi, vyumba. "Na ile ya mwisho ni akiba, Chef. Imewaka lakini haitumike. Siku moja disque ingine ikikufa, hii inaingia mu nafasi palepale. Kazi inaendelea sawa vile hakuna kitu ilipita. Linux haijue hata kama kuko mutu... haijue hata kama kuko disque ilikufa."

Chef Hubert alikuwa anaondoka. Akasimama.

"Rudilia hapo."

"Wapi, Chef?"

"Pa ile ya kufa."

Madina akarudia. Chef akatikisa kichwa polepole, akaitazama diski ya sita kwa macho ya upendo, akaenda zake. Baada ya saa ya chai alimwita ofisini, akafunga mlango, akawasha kile kiyoyozi cha serveur.

"Madina, nilikuahidi, na ahadi ni deni. Nimefikiri mingi juu ya ile mambo yako ya akiba. Ni intelligence kabisa." Akashusha sauti. "Mission itafanya appel. Batasoma majina, mutu anajibu présent. Sasa, batafika pa Bolumbu Germaine."

Madina alihisi baridi, na haikuwa ya kiyoyozi.

"Jina iko. Namba iko. Mahali iko," akasema Chef, akihesabu kwa vidole vyake vinene. "Mutu tu njo haiko. Na weye mutu uko, lakini jina haiko, namba haiko. Unaona vile Mungu anapanga? Bakisema Bolumbu Germaine, weye unajibu présente. Basi. Kinshasa haijue hata kama kuko mutu alikufa. Weye njo disque ya akiba!"

"Na Madina?"

"Madina nani?" akauliza Chef Hubert, kwa mshangao wa kweli kabisa.

Usinifikirie kwamba Madina alikataa pale pale. Alitamani. Aliitamani namba ile kama mgonjwa anavyotamani maji, hata kama bilauri ni ya maiti. Alifika Kabondo mapema, akamweleza mama yake, akitarajia kwa siri aambiwe ajibu "présente" na dhambi iwe ya mwingine. Mama Aïcha alikanda unga muda mrefu.

"Nguo ya kuazima haisitiri matako," akasema mwishoni. Kisha, kwa kuwa methali peke yake haikumtosha: "Na siku ya kufa yako, banazika nani?"

Siku ya mission ua wa Division ulifagiliwa mpaka mchanga ukaumia. Chef de mission aliitwa Monsieur Benoît, mtu mwembamba mwenye viatu vinavyong'aa, aliyekuja na karatasi zake, kofia ya kujikinga jua na adabu nyingi. Alionyeshwa serveur, akaonyeshwa diski kubwa mpya kwenye kioo, akasema "félicitations", hongera, mara mbili. Chef Hubert akakata utepe mwingine. Na umeme, ambao nao hupenda sherehe, ukakatika, ukarudi kwa kishindo, ukakatika, ukarudi.

Ndipo serveur ikaanza kulia. Hizi kontrola zina king'ora. Zikifiwa na diski hupiga yowe jembamba, kali, lisilopumzika, na hazinyamazi mpaka mtu azinyamazishe. Wajumbe wa mission walisogea karibu na mlango.

"Ni nini ile?" akauliza Monsieur Benoît.

"Ni machine inasalimia mission," akajibu Chef Hubert.

Monsieur Benoît akaiinamia kidogo serveur, kwa heshima, na wote wakatoka uani kwa ajili ya appel.

Madina alibaki nyuma kidogo. Diski moja ya kundi jipya ilikuwa imekufa. Taa yake imekuwa ya rangi ya chungwa. Ile ya akiba ilikwisha kuingia kazini, yenyewe, bila dossier, bila ndege ya Kinshasa. Akaiuliza kadi orodha yake. Ya akiba ilikuwa imeandikwa kwa namba yake yenyewe, ya chumba chake chenyewe, na ile iliyokufa bado ilikuwa na mstari wake, na mbele yake kadi imeandika kwamba imekufa. Madina alisoma mistari ile miwili, safari hii maneno yote. Alikuwa amemwambia Chef nusu ya ukweli: Linux ndiyo isiyojua. Kadi inajua, na inalia. Angeweza kuinyamazisha kwa amri moja. Aliiacha, akatoka.

Uani Émile alikuwa ameshapanga watu mistari miwili, wenye namba mbele, NU nyuma karibu na ukuta. Madina alitaka kwenda ukutani, Chef akamshika kiwiko kwa upole na kumweka mbele. Majina yakasomwa. Présent. Présente. Yowe la serveur likapita dirishani juu ya vichwa vyao.

"Bolumbu Germaine!"

Chef Hubert alimtazama Madina kwa tabasamu la baba mlezi. Madina akafungua mdomo. Neno lilikuwa pale pale ulimini, jepesi, la Kifaransa, halina uzito wowote.

"Alikufaka," akasema.

Kuku wa mlinzi walisikika wakichakura.

"Alikufaka mwaka iliyopita. Tulimuzika na mvua. Mi nilikuwako."

"Monsieur Benoît," Chef Hubert akaingilia, jasho linamtiririka, "anataka kusema... Mama Germaine iko... absente."

Monsieur Benoît aliinua kalamu, akafikiri, akaishusha. "Absente," akaandika, "mais justifiée," yaani hayupo, ila kwa sababu inayokubalika. Akaonekana ameridhika, kwa kuwa kwa kweli sababu yenyewe ilikuwa ya kutosha. Kisha akamtazama Madina kwa miwani yake. "Na weye, mama, ni nani?"

"Madina Rashidi. Informaticienne. Niko."

Kidole chake kikashuka kwenye karatasi, kikageuza, kikashuka tena, kikarudi juu. Alifanya kazi ile kwa uangalifu na bila chuki yoyote, na hilo ndilo lililoumiza.

"Naona uko, mama," akasema. "Lakini hauonekane."

NU wa ukutani walicheka. Kicheko kikafa chenyewe.

"Hata mwaka huu?" akauliza Madina.

Monsieur Benoît alifungua mfuko wake, akatafuta, akapata kitu, uso ukamng'aa kwa furaha ya kumfaa mtu. "Ah! Dossier yako iko hapa. Iko muzuri. Ngoja tu."

Mission ikala kuku, ikapanda ndege. Chef Hubert, mtu mpole, safari hii alikasirika kweli. Jioni ile ile alituma ujumbe kwa idara ya watumishi kule Kinshasa, akitaka Madina Rashidi afukuzwe kazi kwa utovu wa nidhamu. Jibu lilikuja upesi kuliko jibu lolote katika historia ya Division: mtu huyo hajulikani, na sheria hairuhusu kumfukuza asiyejulikana, tafadhali mumfanye kwanza mécanisée, ndipo afukuzwe kwa utaratibu. Chef alilisoma, akakumbuka jinsi dossier zinavyosafiri, akahesabu miaka iliyombakia yeye mwenyewe kustaafu. Akakata tamaa.

Kwa hiyo Jumatatu Madina alifika kazini kama kawaida, kabla ya mlinzi. Ila mlinzi alikuwa macho. Watu wote walikuwa macho. Serveur ilikuwa bado inalia. Ililia tangu siku ya mission, mchana na usiku, na hakuna aliyejua pa kuigusa. Émile alikuwa ameikemea mpaka sauti ikamkauka. Mhasibu alikuwa ameifunika blanketi. Chef Hubert alikaa ofisini na pamba masikioni, akisaini vitu bila kuvisoma, kama siku zote.

Madina aliingia, akaondoa blanketi, akakaa. Alifuta vumbi kwenye kibodi. Amri aliijua, ilikuwa fupi, vidole vilikwisha kujipanga. Ukutani, upande wa pili, ulikuwa mlango wa archives, na karibu na dirisha kile kiti kisichoanguka. Akakumbuka sahani moja na mikono miwili ndani yake. Mwaka mzima katika nyumba hii watu wamepita mbele ya mlango ule na nyuso zilizokazwa, hakuna aliyeketi chini, hakuna aliyefunga kitambaa, hakuna aliyetoa sauti. Madina aliondoa vidole kwenye kibodi, akavuta kitambaa chake kichwani, akaweka mkono shavuni kama wanavyokaa wanawake matangani, na akalia kwa sauti.

Mlango ukafunguka kidogo. Alikuwa Émile, ameshika masikio.

"Madina, mama na ngai, mama yangu! Chef anauliza, hii machine italia mpaka siku gani?"

"Mwambie aiache," akasema Madina. "Iko na kilio."